"Chini ya mkanda" na matusi ya nguoni: kwa wadogo zangu mnaoanza tafsiri

Mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la habari za nje, katika gazeti moja la Dar es Salaam nisilolitaja, nilipewa habari ya mdahalo wa wanasiasa wawili wa Ulaya. Walikuwa wakibishana kuhusu kodi. Katikati ya mabishano mmoja akamkumbusha mwenzake, mbele ya kamera, kwamba mkewe alimkimbia. Yule akajibu kwa sentensi fupi: "That was below the belt."

Nikajiuliza, mkanda si uko kiunoni? Na chini ya kiuno kuna nini? Basi nikaandika kwamba mheshimiwa alitukanwa matusi ya nguoni.

Kesho yake saa nne asubuhi mhariri akaniita. Gazeti liko mezani, sentensi yangu imezungushiwa wino mwekundu. "Mwanangu, hebu nionyeshe hilo tusi." Nikasoma habari ya Kiingereza mara tatu. Tusi hakuna. Tukachapa masahihisho ya mistari minne ukurasa wa pili, nami nikaitwa "Nguoni" pale ofisini mpaka siku niliyohama.

Kosa langu lilikuwa kuuangalia mkanda badala ya ulingo. Msemo huu ni wa ngumi. Tangu sheria za Jack Broughton za mwaka 1743 huko London, ilikatazwa kumpiga mtu aliyekwisha anguka, na kumkamata popote chini ya kiuno. Siku hizi refa huwaonyesha mabondia mstari wenyewe kabla ya pambano, maana wapo wajanja wanaovuta bukta hadi karibu na kifua ili tumbo zima liwe eneo la haramu. Aliyepigwa chini ya mstari hupewa hadi dakika tano za kupumua, na mpigaji akizidisha anakatwa pointi au anaondolewa kabisa. Muulizeni Andrew Golota, yule mzaliwa wa Poland. Mwaka 1996 alikutana na Riddick Bowe mara mbili, Julai pale Madison Square Garden na Desemba kule Atlantic City. Mara zote mbili alikuwa anaongoza kwa pointi, na mara zote mbili akatolewa kwa kupiga chini, raundi ya saba kisha ya tisa.

Kwa hiyo Mwingereza akisema umepiga chini ya mkanda, hasemi kwamba umepiga kwa nguvu mno, wala kwamba umetukana, wala kwamba umesema uongo. Analalamikia mahali ngumi ilipotua. Chukua kikao cha ofisini. Mhasibu akimwambia meneja, "Hesabu zako hizi ni za mtoto wa darasa la tatu," inauma, lakini ni ngumi halali, kwa sababu hesabu ndizo zilizowaleta mezani. Akiongeza, "Ndiyo maana hata duka la marehemu baba yako lilikufa mikononi mwako," hapo kashuka chini ya mkanda, hata kama duka lilikufa kweli. Mkiusoma msemo huu, tafuteni kwanza kilichokuwa kinagombaniwa, halafu kilichopigwa. Hapo tafsiri itajileta yenyewe.

Na kwa maoni yangu, mara nyingi isije na mkanda. Wapo wanaoandika "maneno ya chini ya mkanda" na kuona wamemaliza, lakini msomaji wetu asiyefuatilia ngumi atawaza nguoni kama nilivyowaza mimi. Kiswahili hakina njaa hapa. Mtu akikumbushwa shida yake au fadhila aliyotendewa, *amesimangwa*. Akiguswa jambo linalomuuma moyoni, *ametoneshwa kidonda*. Anayesema "that was below the belt, I'm sorry" anakiri: "Hapo nimevuka mpaka, nisamehe." *Rafu* nayo ni nzuri, ila iangalieni. Tumeizoea kwenye mpira na kwenye uchaguzi, kwa vitendo vya hila. Kwa neno moja lililomchoma mtu rohoni, mimi rafu huona imepwaya. Ile habari yangu ya mdahalo leo ningeiandika hivi: "Akajibu kwamba kumsimanga kwa ndoa yake hakukuwa haki."

Jihadharini pia na Waingereza wanaosema "a bit below the belt". Hiyo "a bit" isiwadanganye mkaandika "kidogo". Mara nyingi msemaji ana hasira mpaka masikioni, anajibana tu.

Kisha kuna ndugu wa msemo huu wanaofanana sura na kutofautiana tabia. "Tighten your belt" hausumbui, maana kufunga mkanda tunako wenyewe. Waulizeni wazee waliopitia ile miezi 18 ya baada ya Vita vya Kagera. Mtego ni "under his belt". Kwetu "below" na "under" zote ni chini ya, lakini mwenye riwaya tatu "under her belt" hajafanya ubaya wowote. Ameshaandika riwaya tatu, basi. Nimewahi kukuta tafsiri inayosema mwandishi yule "ameficha vitabu vitatu kiunoni".

Juzi kijana mmoja ninayemwelekeza alinitumia sentensi akiwa amechanganyikiwa: "With 20 fights under his belt, he had no need to hit below it." Akanieleza kwamba, kwa kufuata mafunzo yangu, ameweka "hakuwa na haja ya kumsimanga mtu". Nikamuuliza habari yenyewe inamhusu nani. Akasema ni bondia, anasimuliwa pambano lake la raundi kumi. Nikamwambia aandike: "Alikuwa ameshapanda ulingoni mara 20, hakuwa na haja ya kupiga chini ya mkanda." Safari hii mkanda ni mkanda.