Jibu kwa mleta uzi: India chapa inaaminiwa kuanzia kwenye pakiti

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini kampuni zenye fedha nyingi huingia India zikasuasua kwa miaka, na mtu mwenye chakula cha kufungasha aanze kutangaza au aanze kutafuta msambazaji. Waliotangulia kuchangia wamekuelekeza kwa mastaa wa Bollywood. Biashara matangazo, sikatai, ila staa zamu yake ni ya mwisho. Lile ni soko lililozoea kuchakachuliwa: maziwa yenye maji, dhahabu ya karati pungufu, pilipili ya unga iliyotiwa rangi. Mnunuzi anakagua kabla ya kutoa hela, na chapa zilizodumu ni zile zilizompa kitu cha kukagua kwa macho yake.

Kwa hiyo anza na pakiti. Chukua biskuti ya rupia 5 kwenye duka lolote la kirana, yaani duka la mtaani la vyakula. Nyuma kuna herufi MRP, bei, na maelezo kwamba kodi zote zimo. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa. Muuzaji akizidisha hata rupia moja anavunja sheria ya vipimo ya mwaka 2009. Mtoto aliyetumwa dukani hapigwi bei. Pembeni kuna mraba mdogo wa kijani wenye kitone cha kijani ndani yake: humo hakuna nyama, samaki wala yai. Chenye vitu hivyo hubeba mraba wa kahawia wenye pembetatu ya kahawia. Zamani nacho kilikuwa kitone, kikabadilishwa ili asiyetofautisha rangi atambue kwa umbo. Halafu kuna nembo ya FSSAI, mamlaka ya usalama wa chakula, na leseni yenye tarakimu 14, uzito halisi, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa, anwani ya kiwanda na simu ya malalamiko.

Kwa familia ya Wajaini, watu wa dini isiyokula nyama, au ya Wahindu wasiogusa nyama, kile kitone kinasomwa kabla ya jina la kampuni. Ukikosea hapo umepoteza nyumba nzima pamoja na ndugu zao. McDonald's walilijua hilo kabla ya kufungua mgahawa wao wa kwanza Delhi mwaka 1996: nyama ya ng'ombe na ya nguruwe hazikuwemo, jiko la mboga lilitenganishwa na jiko la kuku na samaki, na wakatengeneza baga ya kababu ya viazi, McAloo Tikki. Kellogg's waliotangulia mwaka 1994 walibeba imani kwamba watu watakula nafaka kavu na maziwa baridi. Wahindi wengi hunywa maziwa ya moto, na ile nafaka iliyosifiwa kwa ukavu wake ikawa uji kwenye bakuli. Bidhaa ile ile, tangazo zuri, ila jambo moja alilojionea mlaji mezani lilikanusha tangazo zima.

Kama mzigo wako unatoka nje, lebo ndiyo itakayokukwamisha bandarini. Kuna kasoro zinazorekebishika kwa stika kabla mzigo haujatoka bandarini: jina na anwani ya mwagizaji, nembo na leseni ya FSSAI, na ile alama ya kijani au kahawia. Orodha ya viambato au tarehe ikikosekana, usitegemee stika, mzigo unakataliwa. Jingine linalowaliza watu ni muda uliobaki. Sheria inataka bidhaa ifike ikiwa na asilimia 60 ya muda wake wa matumizi, au miezi mitatu kabla ya kuisha, yoyote iliyo fupi. Biskuti ya siku 120 inatakiwa ifike na siku 72 mkononi. Bidhaa ya mwaka mmoja inapita hata ikibakiza miezi mitatu, lakini msambazaji makini hataigusa, maana bado ina safari ya ghala, wakala na rafu.

Bei nayo ni sehemu ya ahadi. Kule chini bei zinafuata sarafu na noti ndogo: rupia 1, 2, 5, 10. Ukiweka rupia 7 muuzaji hana chenji, anamrudishia mteja pipi, na mteja anakuona wewe ndiye mkorofi. Ngano na sukari zikipanda, kampuni hupunguza gramu na kuacha bei ilipo. Parle-G imeishi hivyo kwa miaka mingi. Hii ina mwisho wake. Ukipunguza gramu bila kupunguza mfuko, mama anaufungua na kukuta hewa, na wewe umejichakachua mwenyewe. Punguza mfuko pamoja na gramu.

Shampuu ndiyo iliyofundisha somo hili vizuri zaidi. Chik, ya kampuni ya CavinKare ya Tamil Nadu, iliuzwa kwa vipakiti vya paisa 50, yaani nusu rupia, kwa watu waliokuwa wakioshea nywele sabuni. Ni uchumi wa kadogo kama huu wetu, ila kuna tofauti moja: kwa shampuu ya India kipakiti mara nyingi ni nafuu kwa kila mililita kuliko chupa. Maana yake mteja wa kipakiti haibiwi, na chupa kubwa inabidi ijieleze kwa sababu nyingine kabisa, kama harufu, dawa ya mba au heshima ya bafuni.

Halafu kuna mwenye duka. Kwenye kirana nyingi bidhaa ziko nyuma ya kaunta, mteja hagusi, anaomba. Mwenye duka anajua nyumba ipi ina mtoto mchanga, ipi ina mgonjwa wa sukari, na anakopesha kwa daftari. Akisema "chukua hii" inachukuliwa. Naye anakupima kwa mambo manne: muuzaji wako anapita siku ile ile kila wiki? Mali iliyoisha muda au iliyopasuka inarudishwa bila ugomvi? Faida yake inalingana na ya mshindani? Bidhaa inazunguka kabla ya deni lake kwa msambazaji kuiva? La pili ndilo linaloua chapa mpya. Msambazaji akikataa kuchukua mali iliyoisha muda, mwenye duka anaifukia chini ya kaunta, na mteja akiiulizia anajibiwa "haipo". Utatumia mamilioni kutangaza bidhaa iliyopo dukani ila haipo. Maduka 200 ya mji mmoja kama Pune au Coimbatore, yanayotembelewa kila wiki, yana faida kuliko 2,000 yaliyotupiwa katoni moja moja.

Sasa dhahabu, kwa sababu hakuna mfano unaozidi huu. Tanishq, ya kampuni ya Titan chini ya Tata, ilianza katikati ya miaka ya 1990 na vito vya karati 18 vyenye mitindo ya Kizungu. Ikagonga mwamba. Mwanamke wa Kihindi dhahabu kwake ni pambo na akiba kwa pamoja, na akiba anaitaka ya karati 22, yaani asilimia 91.6 ya dhahabu. Pia kila familia ina sonara wake wa tangu enzi za bibi. Utamwambiaje mtu kwamba sonara wa bibi yake anampunja? Ukisema hivyo kwenye tangazo unaitukana familia, nayo inagombana na wewe.

Walichofanya Tanishq ni kuweka mashine dukani, wakaiita Karatmeter. Unaweka bangili yako, mashine inaipiga kwa mionzi ya eksirei, na baada ya dakika chache inaonyesha kiasi cha dhahabu, bila kuikwangua kwenye jiwe la sonara wala kuyeyusha chochote. Namba inasomwa na mwenye bangili mwenyewe. Wengi walioamini wana karati 22 wakakuta pungufu. Hapo mteja angeweza kuondoka kwa hasira asirudi. Kwa hiyo ofa ikawekwa kwenye kaunta ile ile: leta pambo lenye karati 19 au zaidi, ubadilishiwe kwa la karati 22, ulipie ufundi tu. Zingatia mpangilio. Mashine bila ofa ingekuwa msiba, ofa bila mashine ingekuwa punguzo la bei kama mengine. Na aliyemtaja sonara kwa ubaya ni namba, kampuni haikutamka neno.

Leo ushahidi huo ni wa wote. Tangu Juni 2021 muhuri wa dhahabu wa Shirika la Viwango, BIS, ulianza kuwa wa lazima, na pambo lenye muhuri huo lina msimbo wa herufi na tarakimu, jumla sita, unaouhakiki kwenye simu kwa programu ya BIS Care. Sonara wa mtaani naye anao. Ndiyo maana maduka makubwa yamehamia kwenye mitindo ya harusi za kila jimbo. Ushahidi wako ukishakuwa sheria, tafuta mwingine.

Kwenye sabuni ya unga vita ilikuwa ya hesabu. Nirma ya Karsanbhai Patel wa Ahmedabad ilianza 1969 kwa rupia 3 kilo, wakati Surf ya kampuni ya Hindustan Lever ilikuwa karibu mara nne ya hapo. Hindustan Lever walijibu kwa njia mbili. Moja ni Wheel, unga wa bei ya chini wenye jina lake, ili Surf isishushwe hadhi. Nyingine ni Lalitaji, mama wa nyumbani kwenye tangazo, mkali wa kuhesabu hela, aliyedai nusu kilo ya Surf inafanya kazi ya kilo nzima ya unga rahisi. Hakusifia manukato wala povu. Alihesabu mbele yako, na hesabu ile unaweza kuijaribu kwenye beseni lako.

Mgogoro ukija, tazama kesi mbili. Oktoba 2003 wakaguzi wa jimbo la Maharashtra walikuta wadudu kwenye chokoleti za Cadbury. Kampuni kwanza ilisema ni uhifadhi mbovu madukani, jambo ambalo pengine lina ukweli lakini mama aliyeona funza halimhusu. Kilichowaokoa ni kubadilisha kifungashio: karatasi ya alumini iliyobanwa kwa joto ndani ya mfuko mwingine, pamoja na kuwafundisha wenye maduka kuhifadhi. Ndipo Januari 2004 staa Amitabh Bachchan akatokea kwenye tangazo. Alikuwa na kitu cha kuonyesha. Angetokea na kifungashio cha zamani, angezama nao.

Kesi ya tambi za Maggi za Nestlé, 2015, ni ngumu zaidi. Lalamiko lilikuwa madini ya risasi kupita kiwango, na maneno "hakuna MSG iliyoongezwa" (MSG ni chumvi ya glutamati ya kukoleza ladha) kwenye pakiti huku vipimo vikionyesha glutamati. Kampuni ikaeleza kwamba glutamati hiyo imo kiasili kwenye viambato, sahihi kikemia, haina msaada jikoni. Wiki za mwanzo walijibu kwa maelezo ya kitaalamu, na Juni 5 FSSAI ikapiga marufuku. Zaidi ya tani 30,000 zikateketezwa, nyingi kwenye tanuri za saruji. Agosti Mahakama Kuu ya Bombay ikaitengua marufuku kwa sharti la kupima upya kwenye maabara tatu, na Novemba tambi zikarudi bila yale maneno ya MSG. Funzo la lebo: usiandike "hakuna" kwa kitu ambacho maabara inaweza kukikuta kwa sababu yoyote ile. Mwezi ule ule wa kurudi kwao Patanjali, kampuni ya Kihindi ya vyakula na dawa za asili, wakaingiza tambi zao, kwa hiyo pengo la miezi mitano lina mwenyewe anayelisubiri.

Patanjali wenyewe waliaminika kwa mlango mwingine: Baba Ramdev alifundisha yoga kwenye televisheni kwanza, duka likafuata, na kauli ya bidhaa za nyumbani dhidi ya wageni. Walipovuka wakadai kutibu magonjwa, Mahakama ya Juu ikawabana. Aprili 2024 majaji waliuliza kama tangazo la kuomba radhi magazetini lina ukubwa sawa na matangazo yenyewe. Likachapwa upya, kubwa zaidi.

Kuhusu staa, sheria ya walaji ya 2019 inairuhusu CCPA, mamlaka ya kulinda walaji, kutoza hadi rupia laki 10 kwa tangazo la kupotosha, laki 50 kwa kurudia, na kumfungia staa mwaka mmoja, akirudia miaka mitatu. Mwanasheria wake atakuomba ripoti ya maabara kwa kila dai. Kama huna, dai lifutwe kabla hujamtafuta.

Ukiuza mtandaoni, weka lipa-mzigo-ukifika. Flipkart walianza nayo 2010 na ndiyo iliyowatoa watu hofu ya kulipia kitu wasichokiona. Gharama yake ni mizigo inayokataliwa mlangoni, unalipia usafiri wa kwenda na kurudi. Thibitisha kila oda kwa simu au ujumbe kabla haijatoka ghalani, mpe punguzo dogo anayelipa mapema, na uangalie ile namba ya posta ya tarakimu sita: maeneo yanayorudisha mizigo mara kwa mara yafungie malipo ya mlangoni, uwaachie kulipa kabla tu.