Upweke, ukiwa na kuwa peke yako: ni neno gani lamfaa mhusika?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Katika insha yangu kuhusu riwaya moja ya Kiswahili niliandika: "Mwandishi anaonyesha ukiwa wa mhusika mkuu, anayeishi pekee yake bila muunganisho wa kibinadamu ingawa amezungukwa na jamaa." Mwalimu alipigia mstari maneno ukiwa, pekee yake na muunganisho, lakini hakueleza kosa. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ahsante kwa kuileta sentensi nzima, kwa sababu maneno hayo matatu hayawezi kupimwa nje yake. Nianze na lililo jepesi. Peke na pekee ni maneno mawili. Peke haisimami bila kimilikishi, na kimilikishi hicho hubaki na umbo la ya- hata nomino iwe ya ngeli gani: peke yangu, peke yao, mti umesimama peke yake. Pekee hueleza kitu kisicho na cha pili, kama tunaposema mtoto wa pekee au njia pekee. Kwa hiyo "pekee yake" ni kosa, ingawa siku hizi limeenea hata katika vichwa vya habari.

Zaidi ya tahajia, kuwa peke yako hakubebi huzuni yoyote ndani yake. Mvuvi anayeingia baharini alfajiri na ngalawa yake yuko peke yake, na huenda hiyo ndiyo saa anayoipenda kuliko zote. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 tunasoma: "Si vema huyo mtu awe peke yake." Uzito wa kauli hiyo umo katika "si vema", "peke yake" inatoa hesabu tu, kwamba yuko mmoja.

Upweke ndio unaoingia moyoni. Mtu aweza kuwa mpweke katikati ya harusi, sahani ya pilau mbele yake na mashangazi wakimwita kwa jina. Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji, aliyoitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, ana wazazi, ana mke, ana kijiji kinachomjua, na juu ya hayo ana elimu ya chuo kikuu. Bado hakuna anayeweza kumfikia pale alipo katika fikra zake, na mwisho anajiua. Ukisema Kazimoto anaishi peke yake umeidanganya riwaya. Ukisema ni mpweke umeisoma.

Ukiwa ni neno zito zaidi, nami ninasikitika kila ninapoliona limetumiwa kama pambo la upweke. Kwanza lina mtego wa umbo, kwa sababu linafanana herufi kwa herufi na kitenzi cha sharti, kama katika "ukiwa na nafasi, njoo". Vivyo hivyo mkiwa, yaani mwenye ukiwa, na wingi wake wakiwa. Mkazo hausaidii kuyatofautisha, kwani unaangukia silabi ileile, hivyo ni sentensi tu inayoamua. Pili, ukiwa hushika mahali kabla haujamshika mtu. Biblia hiyohiyo inaanza kwa kusema kwamba nchi ilikuwa "ukiwa, tena utupu". Na anayetaka kuuona ukiwa kwa macho na asome utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, pale anapotupitisha katika majumba ya mji wa kale wa Pate yaliyobaki magofu:

"Madaka ya nyumba ya zisahani,
Sasa walaliye wana wa nyuni."

Madaka ni yale matundu yaliyochongwa ukutani kwa nakshi, ambamo matajiri wa mwambao walipanga sahani za kigeni ili mgeni azione. Sasa makinda ya ndege yamelala humo, na mstari unaofuata unamleta bundi anayekoroma kati ya nyumba. Mshairi hahitaji kutuambia kwamba watu wameondoka. Ametuonyesha waliochukua nafasi yao. Huo ndio ukiwa: utupu wa mahali palipozoea kujaa. Kwa binadamu, mkiwa ni yule aliyeondokewa, hana wa kumwita wala wa kuitwa naye.

Nikiri hata hivyo kwamba mpaka huu si ukuta. Katika Zaburi ya 25 mwombaji anasema yeye ni "mkiwa na mteswa", na katika Zaburi ya 68 Mungu "huwakalisha wapweke nyumbani", ilhali neno la Kiebrania ni lilelile mahali pote pawili. Wafasiri walisikiliza muktadha, na kwa sikio langu walisikia vizuri: wa kwanza analia, wa pili anatafutiwa nyumba. Mhusika wako amezungukwa na jamaa. Mwite mpweke.

Jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita, nami naliona kuwa ufunguo wa mada nzima, ni kitenzi tenga na viambishi vyake. Aliyejitenga, aliyetengwa na waliotengana wote wako mbali na wenzao, lakini sarufi inatuambia mbali huko kulitoka kwa nani. Said Ahmed Mohamed aliipa riwaya yake ya mwaka 1980 jina Utengano, nomino inayotokana na tengana, kitenzi chenye -an- ya kutendana. Ndani ya riwaya, Maimuna anafungiwa nyumbani na baba yake, kisha anatoroka. Yaani alitengwa kwanza, akajitenga baadaye, lakini jina la kitabu linazirudisha pande zote mbili katika shauri moja. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba Maimuna "ana upweke" ameacha swali hilo la nani alimtenga nani bila kuguswa.

Shaaban Robert naye, akimlilia mkewe, anaanza hivi: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Angeweza kusema tumetengana, na mizani isingeharibika, ingawa kina cha -nga kingepotea. Alichagua ji-, kana kwamba marehemu ameinuka mwenyewe akaenda, na anayebaki ndiye mkiwa. Kisha ubeti unafungwa kwa "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua."

Kitenzi hicho, funga, kinatupeleka kwenye neno lako la tatu. Muunganisho ni wa mabomba, nyaya na mitandao ya simu. Unapoutumia kwa watu, msomaji anasikia tafsiri. Kutokana na funga tunapata fungamana na mafungamano, na lugha ina mengine mengi ya kuchagua: ukuruba kwa ukaribu wa damu, usuhuba kwa urafiki, mazoea kwa ukaribu uliojengwa na siku, ujirani kwa ule wa ukuta na ua. Kila moja lina kipimo chake, na mchambuzi mwema husema ni lipi lililomkosekania mhusika, maana mtu aweza kuwa na ukuruba tele akakosa usuhuba hata chembe. Mara nyingi kitenzi kitakufaa kuliko nomino: watu hujuliana hali, hutembeleana, huliwazana, hufaana. Itazame -an- katika vyote hivyo. Ni ileile ya tengana.

Hivyo ningeiandika sentensi yako namna hii: "Mwandishi anaonyesha upweke wa mhusika mkuu, ambaye amezungukwa na jamaa lakini hana hata mmoja wa kujuliana naye hali." Kama katika riwaya hiyo jamaa ndio waliomtenga, ongeza neno aliyetengwa, kisha mwonyeshe mwalimu wako ukurasa ambapo jambo hilo linaanza.