Mungu ndiye anasema ngoja, au ni ofisi ya usharika?

"Shikamoo Mama. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, nina miaka 33, mke na watoto wawili. Huu ni mwaka wa nane natumika. Jina langu limependekezwa mara mbili niende chuo cha theolojia kusomea uchungaji. Mara ya kwanza barua ilipotea kati ya usharika na jimbo. Mara ya pili akapelekwa kijana wa mzee wa kanisa, ambaye hata ibada ya mazishi hajawahi kuongoza. Nikimuuliza mchungaji, ananiambia, 'Ngoja wakati wa Bwana.' Rafiki yangu amenunua kinanda, spika mbili na turubai, na amepata kiwanja karibu na stendi. Anasema ameona maono kwamba tuanzishe huduma yetu. Mke wangu hataki. Naamka saa tisa usiku kuomba, nasikia mbwa tu. Nitajuaje kama anayeniambia ngoja ni Mungu au ni watu?" – Mwinjilisti, Nyanda za Juu Kusini

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale penye mbwa. Nilicheka kwanza, halafu sikucheka tena, maana nami usiku wa namna hiyo naujua.

Hapo kwenye swali lako la mwisho umechanganya mambo mawili, na si wewe peke yako. Barua iliyopotea si siri ya mbinguni. Ni karatasi. Kuna aliyeiandika, kuna aliyeigonga muhuri, kuna aliyekabidhiwa aifikishe jimboni. Ukiamka usiku kumuuliza Mungu ilikoishia, na karani yupo ofisini saa tatu asubuhi, unamtwika Mungu kazi ya karani. Na mchungaji wako, pamoja na heshima zote, akiulizwa habari ya bahasha akajibu kwa neno la kiroho, hajajibu. Wakati wa Bwana upo, nauamini. Ila haukuwekwa ili tufichie humo uzembe wa ofisi.

Basi umngoje nani, na umdai nani?

Soma tena habari za Daudi, lakini safari hii polepole, usikimbilie kwenye kiti cha enzi. Samweli alimpaka mafuta angali mchunga kondoo, na alipoanza kutawala alikuwa na miaka 30. Hata hapo alitawala Yuda tu, kule Hebroni, miaka saba na miezi sita, ndipo Israeli yote ikamjia. Katikati ya hayo kuna pango la Engedi. Mfalme Sauli, anayemsaka Daudi amuue, ameingia kujisaidia, Daudi na watu wake wamejificha ndani kabisa, na watu wake wanamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku ile aliyokuambia Bwana. Unaisikia sauti ya rafiki yako hapo? Kishawishi cha kumtangulia Mungu huwa hakiji na pembe. Kinakuja na unabii, na siku hizi kinakuja na spika mbili.

Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli tu, na bado moyo ukamchoma.

Lakini usiifunge Biblia hapo, kama wanavyofanya wengi wanaokuhubiria subira. Sauli alipotoka pangoni, Daudi naye alitoka, akamwita, akainama kifudifudi, kisha akanyanyua kile kipande cha nguo akasema yaliyomo moyoni mwake yote. Alisema mbele ya watu, kwa adabu, na ushahidi mkononi. Na kabla ya hapo, Sauli alipomrushia mkuki, alikwepa akakimbia. Hakukaa achomwe kwa kuwa ni mtu wa subira. Kwa hiyo kumngojea Mungu na kunyamaza ni vitu viwili, mwanangu, na wewe kila ukijibiwa 'ngoja' umenyamaza ukidhani ndiyo kungoja.

Nikupe na la kwangu, ingawa halinipambi. Miaka mingi iliyopita nilikosa uenyekiti wa wanawake usharikani kwetu. Nilijua ulikuwa wangu. Kwa hasira nikaanzisha maombi sebuleni, Alhamisi ileile waliyokutana wenzangu, saa ileile. Nikaazima viti 20 vya plastiki, nikaviosha mwenyewe. Juma la kwanza vilijaa. Mwezi wa tano tulikuwa watu wanne, na siku moja nikajisikia nikiomba kwa sauti: "Bwana, waonyeshe." Waonyeshwe nini? Ndipo nikajua kwamba kikundi kile hakikuzaliwa na wito, kilizaliwa na kinyongo. Viti nilivirudisha kesho yake.

Sisemi kuanzisha huduma ni dhambi. Makanisa mengi mema yalianza chini ya mti. Lakini jiulize: kama ungepelekwa chuo mwaka ule, hicho kiwanja cha stendi ungekitamani? Kama jibu ni hapana, basi unachokiona ni mlango wa kutokea tu. Tena kanisa si turubai. Kwa Msajili wa Jumuiya utatakiwa katiba na viongozi wanaojulikana. Huko nako utakuta mafaili, na utaambiwa ngoja.

Fanya hivi. Mwandikie mchungaji wako barua fupi, ukurasa mmoja. Taja miaka uliyotumika, taja mara mbili ulizopendekezwa, uliza baraza la wazee lina mpango gani nawe, na uombe jibu la maandishi. Kijana wa mzee usimtaje hata kwa mafumbo. Baki na nakala. Kukipita miezi mitatu kimya, mwombe mchungaji mwende wote kwa mkuu wa jimbo. Akikataa, muage kwanza, ndipo uende. Hiyo ndiyo ngazi yenu, na kuipanda si uasi.

Ukishafanya hilo, saa yako ya tisa usiku itapungukiwa mzigo. Hutakuwa tena ukimpelekea Mungu malalamiko ya ofisi, mtabaki wawili. Kama husikii kitu, kaa tu. Soma Zaburi ya 27 kwa sauti hadi mwisho wake, pale inaposema piga moyo konde, ukalale.

Sasa neno gumu. Huenda usipelekwe kabisa. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai, nje kidogo ya Mombasa, mwaka 1846. Akakaa miaka 29, akamzika mkewe hukuhuku, macho yakamwisha, na mwaka 1875 akarudi kwao Ujerumani kipofu, akiwaacha Wakristo wachache sana. Mwaka uliofuata akafa. Wengine husimulia habari zake wakikimbilia theluji ya Kilimanjaro aliyoiona mwaka 1848. Mimi hunikaa zaidi ile miaka ya Rabai, mtu akitunga kamusi huku macho yakififia. Sikuandikii haya nikuvunje moyo. Ila ukimngojea Mungu ili akupe joho, hapo unangojea joho.

Na hao watu wa mtaa wako, ambao katika barua nzima hukuwataja hata mara moja, ni wangapi? Nani mgonjwa wiki hii? Daudi alipokuwa mafichoni Adulamu alijiwa na watu kama 400, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni, akawa kiongozi wao kabla hajawa mfalme wa mtu yeyote.

Barua yako kwa mchungaji, mpe mke wako aisome kabla hujaipeleka. Atakapokuambia futa, futa. Na rafiki yako mwendee wiki hii, umwambie wazi kwamba huendi naye, kabla hajalipia kiwanja akitegemea sauti yako.