Mikono Ilikuwa Kwenye Usukani, Akili Ilikuwa Kwenye Hesabu

Juzi usiku dogo mmoja bodaboda wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nimeanguka mchana kweupe, barabara tupu, hakuna gari mbele. Sielewi ilikuwaje." Kaumia bega la kushoto. Mimi naelewa ilikuwaje, na nitamjibu hapa ili na wengine wasome.

Mwaka 2019 nilikuwa naendesha pikipiki ya mtu, Boxer, na hesabu, yaani pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki, ilikuwa 10,000 kwa siku. Siku hiyo hadi saa kumi jioni nilikuwa na 6,000 tu, na bosi alishapiga mara tatu. Nilimbeba mama mmoja Buguruni kwenda Ubungo. Tukaingia Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yananguruma ubavuni. Simu ikaita mara ya nne. Nikapokea, nikaichomeka ndani ya helmeti, mikono yote miwili ikarudi kwenye usukani. Nikajiona fundi.

Huku namwomba bosi anivumilie hadi saa mbili, kichwani nazungusha ile 4,000 iliyobaki. Mbele yangu kulikuwa na daladala. Niliiona! Hadi leo nakumbuka maandishi ya nyuma: Riziki Mafungu. Taa za breki zilizowaka chini ya maandishi hayo sikuziona. Niliposhtuka nikabana breki ya mbele peke yake, tairi likateleza. Mimi niliumia goti. Yule mama alivunjika mkono.

Kesho yake bosi alikuja hospitali, akachukua funguo, akaondoka. Hakuuliza hata hali ya yule mama. Nimemsamehe, ila sijasahau.

Ndugu zangu, klachi, gia na mkono wa mafuta mwili huvizoea, baada ya miezi michache hufanya wenyewe. Kinachofanya kazi ni kichwa. Shimo, mchanga, bajaji inayotaka kuchomekea, mtoto pembeni, abiria anayehamia upande mmoja: vyote vinataka nafasi humohumo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukimaliza kusema "bosi nivumilie" umeshapita zaidi ya mita 30, na hakuna aliyekuwa anaendesha.

Na barabara tupu, dogo, ndiyo inayodanganya zaidi. Kwenye foleni akili inalazimika kukaa. Barabara ikiwa nyeupe, akili inarudi nyumbani kwenye kodi na ada za watoto.

Kwa hiyo simu mfukoni. Ikiita, simama pembeni. Abiria akitaka stori, mwambie kwa heshima mtaongea mkifika. Umegombana na mkeo asubuhi? Kaa kijiweni kwanza, hasira ishuke. Mimi nikiona mawazo yanazidi hutaja kwa sauti ndani ya helmeti kila ninachokiona: shimo, bajaji, mtoto. Na macho yasigande kwenye shimo, maana unapotazama ndipo pikipiki inapokwenda. Ikishindikana, simama pembeni! Mwaka 2022 nilimaliza mkataba wa kulipia pikipiki kidogokidogo, ikawa yangu, na kwa uwezo wa Mungu sijaanguka tena.

Umeniuliza pia kama urudi barabarani wiki ijayo kwa sababu hesabu inakusubiri. Usirudi. Mkono wa kushoto ndio wa klachi. Kila ukiibana, nusu ya akili itakuwa begani. Bosi wako akija kuchukua funguo, mpe.