Muulize Bibi Shamba: Kubaki Hai Hakujazi Ghala

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Kila mwaka nasoma kwamba watafiti wamegundua jeni ya kustahimili ukame. Huweka na picha: chungu kimoja mmea umekauka, cha pili mmea umesimama. Nami nikipanda mbegu yenye maandishi hayo kwenye mfuko, mvua ikikatika inanyauka kama nyingine. Je, tunadanganywa?
– Mkulima aliyechoka kuahidiwa

Marahaba, mwanangu. Hujadanganywa, ila umeonyeshwa picha isiyokuhusu. Naijua sana. Mimea hunyimwa maji mpaka ikaribie kufa, kisha hunyweshwa, na utakaoinuka ndio unaopigwa picha. Kazi yangu ilikuwa kuzalisha mbegu, na vyungu hivyo havijawahi kunisisimua, kwa sababu mmea unayo njia rahisi ya kubaki hai: kugoma kufanya kazi.

Udongo ukianza kukauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka kwenye jani. Kila kitundu cha jani kina seli mbili zinazokilinda. Seli hizo huachia potasiamu, maji yakaifuata nje, zikalegea, kitundu kikafumba. Maji yameokolewa. Lakini kitundu hicho hicho ndicho kinachoingiza hewa ya ukaa ambayo mmea huitengenezea sukari. Aina inayofumba mapema na kukaa imefumba itapendeza sana pichani, na wewe utabaki na gunia tupu.

Twende kwenye mahindi, maana nadhani ndiyo uliyopanda. Ukame unayaumiza kuliko wakati wote ukiyakuta yanatoa maua. Mbelewele huko juu hutoka karibu na siku zake na kumwaga chavua kwa siku chache tu. Ndevu, zinazohitaji maji ili zirefuke, hukawia. Zinapochomoza, chavua imekwisha kupeperuka. Na kila unywele mmoja wa ndevu hizo ni njia ya punje moja. Usiopata chavua unaacha pengo. Ndiyo sababu mwaka wa shida unamenya hindi lenye mapengo matupu ilhali bua lake bado ni la kijani. Mmea umestahimili, sivyo? Kale basi majani.

Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Mexico, waliishika alama hiyo ya ndevu kukawia tangu miaka ya 1970. Walipanda majira yasiyo na mvua ili wao wenyewe waamue lini maji yakatike. Mahindi yakikaribia kutoa maua, umwagiliaji unafungwa. Kisha mtu anapita mstari kwa mstari na daftari: huu umetoa mbelewele leo, ule umetoa ndevu jana, huu bado. Yale ambayo ndevu zake hazikuachwa mbali na mbelewele yalichaguliwa, yakapandishwa yenyewe kwa yenyewe, yakarudishwa tena kwenye kiu. Baadaye mbinu hiyo ikatumika pia kuzalisha mahindi ya kustahimili ukame kwa mashamba ya Afrika. Hakuna picha ya kuvutia hapo. Kuna daftari lenye jasho.

Kwa hiyo mbegu yako kunyauka saa za jua kali ni haki yake. Wewe muulize muuzaji: hii ilinyimwa maji ikiwa katika hatua gani, na ilitoa mavuno kiasi gani kando ya mbegu ya kawaida, mwaka wa ukame na mwaka wa mvua? Akikujibu kwa picha ya chungu, mshukuru uende zako.

Na ujue ukame wako ni wa namna gani. Mvua ikiwahi kukatika mwishoni mwa msimu, mbegu inayokomaa mapema huenda ikakufaa kuliko jeni yoyote. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza jeni ya mpunga iitwayo DRO1, inayoelekeza mizizi chini zaidi. Nzuri kweli, ikiwa huko chini kuna maji. Kwenye udongo wa kina kifupi mizizi itafika kwenye mwamba na kugeuza njia.

SWALI: Bibi, mpunga hukaa majini siku zote. Mbona mafuriko yakiufunika unakufa?
– Mwanafunzi

Kwa sababu siku zote majani yake huwa hewani. Ukifunikwa wote, hewa haiufikii vizuri, maana gesi husafiri polepole mno ndani ya maji. Ethilini, homoni ya gesi ambayo mmea huitengeneza, nayo hushindwa kutoka, ikajilundika ndani. Mpunga wa kawaida ukiihisi hukurupuka kama mtu anayezama: unajirefusha kutafuta uso wa maji na kuteketeza akiba yote ya wanga. Maji yakikawia kushuka, akiba imekwisha.

FR13A, aina iliyotokana na mpunga wa kienyeji wa Odisha, India, hufanya kinyume: hutulia. Jeni inayoutuliza, Sub1A, ilielezwa mwaka 2006. Iliingizwa kwenye Swarna, mpunga ambao wakulima walikuwa wanaupenda tayari, na Swarna-Sub1 ikaidhinishwa India mwaka 2009. Huvumilia kufunikwa kama wiki mbili. Msimu usio na mafuriko hutoa mavuno sawa na Swarna ya zamani, na hilo ndilo linalonifanya niisifu kuliko mbegu nyingi za aina hii: mkulima halipii bima kwa mavuno yake.

Lakini usikariri kwamba kutulia ndiyo dawa. Upo mpunga wa maji marefu huko Asia ambao hukimbia, na kwa kukimbia huko unapona. Maji yakipanda polepole na kukaa miezi, shina linapanda nayo, likisaidiwa na jeni zilizopewa jina SNORKEL mwaka 2009. Ukitulia kwenye mafuriko hayo, utafia chini.

SWALI: Hizi zote ni mbegu za uhandisi jeni?
– Mama wa bustani

La, mwenzangu. Mahindi niliyoyaeleza ni ya kuchagua na kupandisha. Swarna-Sub1 ni mpunga kwa mpunga, ila alama za DNA zilitumika kujua mche upi umebeba jeni. Za uhandisi jeni zipo pia: mahindi ya kampuni ya Monsanto yenye jeni ya bakteria Bacillus subtilis, yaliyoingia sokoni Marekani mwaka 2013, na ngano ya HB4 yenye jeni ya alizeti, ambayo Argentina iliiidhinisha mwaka 2020. Nazo naziuliza lile lile la mavuno. La usalama na sheria ni refu. Liandike peke yake, tutalipatia nafasi toleo lijalo.