Gari liko juu ya trela na usiku umekukuta njiani: jinsi ya kulilinda

Gari likishapanda trela na kufungwa mikanda, limekuwa mzigo ulio tayari kuondoka. Alamu, chipu ya ufunguo na kufuli la usukani vimetengenezwa kumzuia mtu asiwashe injini, na anayeiba trela hana haja na injini yako. Anahitaji gari lenye nguvu, tufe la chuma la kuvutia linaloingia kwenye kiungio cha trela lako, na dakika chache bila macho ya watu. Hata ile alamu inayohisi gari likiinuliwa, wengi wetu huizima kabla ya kuondoka kwa sababu mtikisiko wa barabara huifanya ilie njia nzima.

Ndiyo maana baada ya miaka ya kuvuta magari kwa safari za kulala njiani, ushauri wangu wa kwanza hauhusu makufuli. Unahusu mahali unapoegesha na namna unavyoegesha. Makufuli mazuri ninayo na nitayaeleza, lakini trela lililokaa vibaya hata likiwa na kufuli zito linabaki rahisi kuibwa, na trela lililokaa vizuri humchosha mwizi kabla hajagusa kufuli lolote.

Mahali pa kulala pachaguliwe kabla hujaondoka, ukiwa na akili iliyopumzika. Dereva aliyeendesha mchana kutwa akifika saa tano usiku hachagui tena, anakubali popote palipo na kitanda. Mimi hupiga simu mapema na kuuliza: eneo lina nafasi ya kugeuza gari na trela vikiwa vimeungana? Geti hufungwa usiku? Kuna mtu anayekesha? Nasisitiza mtu, kwa sababu kamera itakuonyesha asubuhi jinsi trela lilivyoondoka, lakini mlinzi aliye macho atauliza swali palepale. Kisha naomba chumba cha chini ambacho dirisha lake linatazama maegesho.

Jihadhari na jambo moja linalofanyika kwa nia njema kabisa. Ukifika na trela refu, mhudumu atakuelekeza nyuma ya jengo kwa kuwa ndiko kuna nafasi. Mara nyingi huko nyuma ndiko kwenye giza, mbali na mlango, na pengine kuna njia ya pili ya kutokea. Mshukuru, kisha uombe kukaa mbele hata kama itabidi ulipie nafasi mbili au tatu za kuegesha. Pasipowezekana, mimi niko radhi kuendelea hadi kituo ambacho madereva wa malori hulala ndani ya magari yao. Pana kelele, usingizi si mzuri, lakini usiku kucha kuna watu wanaoingia na kutoka, na mtu anayehangaika na trela lisilo lake huonekana upesi.

Sasa mkao wenyewe. Usiliachanishe trela na gari linalolivuta kama huna sababu ya lazima. Rudisha trela nyuma hadi mkia wake ukaribie ukuta, kiasi kwamba rampu, zile njia za chuma za kupandishia gari, haziwezi kushushwa wala mlango wa nyuma kufunguliwa kama trela lako ni la kufunikwa. Kisha kata kona kidogo na gari la mbele, ili gari na trela visikae mstari mmoja. Vikiwa vimekunjwa hivyo, kiungio hubana na hakitoki kwa urahisi, na hata mwizi akifanikiwa kukitoa, bado hana njia iliyonyooka ya kurudisha gari lake hadi hapo. Angalia tu usikunje mno hadi kona ya trela ikagusa bodi ya gari.

Ikikulazimu kuachanisha, geuza mambo: upande wa kiungio ndio utazame ukuta, au egesha gari lako likiwa limekingama mbele yake, karibu kabisa. Kila mkao unaochagua, jiulize swali moja: mtu akija na gari lake hapa saa tisa usiku, atapitia wapi kulitoa trela? Ukiona njia, izibe.

Tukija kwenye makufuli, watu wengi hununua moja la kufungia komeo la kiungio na kuridhika. Hilo halitoshi. Kuna pini inayoshika chuma chenye tufe kwenye gari lako; ikiwa ni pini ya kawaida yenye kibanio, mwizi anaichomoa na kuondoka na trela pamoja na chuma chako cha kuvutia, na kufuli la komeo likiwa zima. Weka pini yenye kufuli. Na trela likiwa limeachanishwa, kufunga komeo pekee ni kujidanganya, kwani tufe dogo kidogo kuliko saizi yake linaweza kuingia kwenye kiungio kilichofungwa, halafu minyororo ya usalama ya trela lako mwenyewe ikafanya kazi ya kuvuta. Tafuta kufuli linalojaza lile shimo la kiungio lote.

Ongeza klampu ya tairi, ile yenye sahani inayofunika nati za gurudumu, na uifunge upande ulio mgumu kufikiwa. Kwa trela lenye ekseli mbili, kuondoa gurudumu moja hakusaidii sana kwa sababu trela bado linaweza kuburutwa kwa yaliyobaki, hivyo klampu ina faida zaidi. Kisha andika karatasi "KLAMPU" na uifunge kwenye usukani wa gari lako kabla hujaenda kulala. Kuondoka asubuhi na klampu ikiwa kwenye tairi huharibu gurudumu na huenda ikaumiza mtu.

Mnyororo uwe mnene, wa chuma kilichoimarishwa kwa moto maalumu, si ule wa kufungia geti. Upitishe kwenye gurudumu na fremu ya trela, na usiuache ulegee ukagusa chini: mnyororo uliolala sakafuni humpa mwizi mahali pa kuegemeza mkasi wake wa kukatia vyuma na kuukandamiza kwa uzito wa mwili. Kufuli lake liwe la aina ambayo upinde wake umefichwa ndani ya kasha. Nakubali kwamba grinda ya betri hukata karibu kila kitu. Lakini grinda hulia na kutoa cheche, na ukiwa umeegesha mahali penye watu, hivyo ndivyo vitu ambavyo mwizi havitaki.

Usisahau gari lenyewe lililobebwa. Kama trela lina winchi, ile mashine ya kuvutia gari kwa kamba ya chuma, mwizi anaweza kulishusha gari lako taratibu kwa mashine yako mwenyewe. Ondoa rimoti ya winchi, tenganisha waya wa betri yake, na funga rampu kwa kufuli. Ndani ya gari, chomoa waya wa betri na fyuzi ya pampu ya mafuta. Gari la zamani lenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, lizimishwe kwa kutoa rota yake, kile kipande kidogo kinachozunguka ndani. Inaingia mfukoni, na bila hiyo injini haiwaki. Gari la mashindano lenye usukani wa kutoka, lala na usukani chumbani. Funguo za gari, kadi yake na ufunguo wa akiba visiachwe ndani ya gari linalovuta, kwani gari hilo nalo linaweza kuibwa, na likiibwa vikiwa vimeungana umepoteza vyote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo gari linalovuta nalo lifungwe chuma cha usukani, na kama ni la ufunguo usiochomekwa, weka ufunguo huo kwenye kasha la chuma au kifuko cha kuzuia mawimbi, mbali na mlango wa chumba.

Kuhusu turubai, msimamo wangu ni huu: lifunike gari ukishaegesha, si barabarani. Turubai linalopigwapigwa na upepo husugua rangi hadi ikaharibika. Usiku, gari lisilojulikana ni la aina gani huvutia watu wachache zaidi.

Kifaa cha kufuatilia kwa GPS ni bora viwe viwili, kimoja kwenye trela na kingine kwenye gari, maana vinaweza kutenganishwa. Trela lililofungwa kwa mabati pande zote hudhoofisha mawimbi, kwa hiyo kijaribu ukiwa nyumbani, milango imefungwa, uone kama ramani inakusoma. Washa taarifa ya mwendo na uiache simu ikiwa na sauti. Ikilia, piga simu polisi na uwape mahali trela linapoelekea. Usilifuate peke yako, tafadhali. Gari hununuliwa tena.

Asubuhi usiondoke kabla hujazunguka trela lote. Nimewahi kukuta kibanio cha minyororo ya usalama kimelala chini karibu na tairi, na kando ya tundu la kufuli la kiungio kuna mikwaruzo mipya inayong'aa. Aliyekuja alishindwa na kufuli, lakini alikuwa ameshaachia mnyororo mmoja, na nyaya za taa zilikuwa zimechomolewa. Tangu hapo kila nati ya gurudumu nimeipiga mstari wa rangi unaoendelea hadi kwenye rimu. Ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika na naona. Kagua kiungio, pini, minyororo, waya wa breki ya dharura (ule unaofunga breki za trela likichomoka njiani), taa, nati, kisha kaza mikanda upya kwa sababu baridi ya usiku na mkao wa gari huilegeza.

La karatasi nalo. Soma mkataba wa bima kabla ya safari, hasa sehemu inayohusu mzigo ulioachwa bila mtu. Baadhi ya mikataba inadai kufuli la kiungio, klampu, au eneo lenye uzio, na bila hivyo madai hayalipwi. Piga picha za makufuli yakiwa yamefungwa kila usiku; muda wa picha utakuwa ushahidi wako. Hifadhi namba ya chasisi ya gari na ile ya trela, kwani ni namba mbili tofauti na polisi watazihitaji zote. Kama trela lako halina namba inayosomeka, chonga yako mahali pawili kwenye fremu, pamoja na upande wa chini usioonekana, na umpe nakala mtu aliyebaki nyumbani.