Maswali Yenu: Mji Upendeze na Ghala Lijae

Kaka, mji wangu wa SimCity BuildIt, gemu ya simu ya kujenga mji, umejaa bustani mpaka raha, ila chuma na mbao sipati za kutosha. Nibomoe bustani nijenge viwanda? (Msomaji, Langoni)

Usibomoe! Kwenye gemu hiyo bustani si pambo tupu: nyumba zilizo ndani ya eneo lake huongeza wakazi, na wakazi ndio kodi. Iguse, gemu itakuonyesha inafika wapi. Isiyofikia nyumba yoyote ihamishe. Kuhamisha ni bure. Viwanda vya mwanzo vinatoa moshi, na wakazi wa karibu hununa, wakizidiwa huhama. Vipange vyote pembeni mwa ramani kwenye barabara moja. Hata hapa Amu (Lamu), saruji na boriti hushushwa gatini. Hakuna anayezirundika kwenye daka, pale mlangoni pa nyumba. Maduka, kwa mfano la vifaa vya ujenzi, hayachafui hewa, kwa hiyo hayo yachanganye na nyumba, na mtaa utachangamka.

Nikilala na viwanda vinalala. Asubuhi naokota vyuma vichache tu. (Shela)

Kwa sababu umeweka chuma usiku. Chuma huiva kwa dakika 1, kisha kiwanda kinakaa bure mpaka ukivune. Mchana, simu ikiwa mkononi, weka chuma, mbao (dakika 3) na plastiki (dakika 9). Ukienda kulala, weka vya polepole kadiri levo yako inavyoruhusu: sukari na viungo masaa 4, kioo masaa 5, chakula cha mifugo masaa 6. Ukishaswali alfajiri, vuna.

Nataka mji wenye vichochoro kama Mkomani, mtaa wa kale wa Amu. Inawezekana?

Kwa BuildIt, hapana. Kila nyumba lazima iguse barabara, na barabara zile ni za magari, tena mji ukikua zinataka kupanuliwa. Panga nyumba safu mbili zilizopeana mgongo, barabara mbele na nyuma. Ardhi utaiokoa, lakini Usita wa Mui, njia yetu kuu ya Amu, hutaupata humo.

Na Hay Day, gemu ya shamba, mapambo yana faida gani?

Kwa mavuno, hakuna. Yanunue sarafu zikibaki. Ngano ndiyo ya kuangalia: huiva kwa dakika 2, na punje moja hukupa mbili. Usiuze yote ukakosa mbegu.

Mwanangu kila siku anataka nimnunulie SimCash, pesa za gemu ya SimCity, ati ghala limejaa. Nifanyeje? (Baba, Mokowe)

Mzee wangu, usitoe hata shilingi. Mwambie aguse viputo vinavyotokea juu ya majengo: humo hudondoka kufuli, nondo na kamera za kupanulia ghala. Vinakuja polepole, na ndiyo maana wenye gemu wanauza njia ya mkato. Wakati anangoja, auze alivyonavyo kwenye soko la gemu. Na wewe, leo hii, weka nywila kwenye manunuzi ya simu yako.